Jaketi jepesi la baiskeli lililoandikwa "nyuzi 5 hadi 15": linafaa hali gani ya hewa na wapi linakuangusha

Nianze na hukumu ili mwenye haraka zake asiteseke: jaketi ni zuri, lebo ndo muongo. Limeandikwa nyuzi 5 hadi 15, na mtu akiona vile anajua akifungua simu asubuhi akakuta nyuzi 9 basi yuko katikati kabisa, anavaa, anafunga zipu mpaka kidevuni, anatoka. Nusu saa baadae yuko kwenye kilima jasho linamtiririka mgongoni, anafika juu, anaanza kushuka, na kabla hajafika chini meno yanagongana. Nyuzi zilezile 9, jaketi lilelile. Hewa haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kazi anayofanya mwili na spidi anayokwenda nayo, na hayo mawili hakuna lebo inayoweza kuyajua.

Kwahiyo nitalielezea kwa hali ya hewa, maana jaketi la baiskeli ukilisifia bila kusema ulilivaa siku ya namna gani unakuwa hujasema kitu. Kampuni siitaji na wala haina umuhimu sana, majaketi ya aina hii yanatengenezwa karibu kwa namna moja na utayakuta na lebo zinazofanana na hii.

Lenyewe ni lile jembamba linalokunjwa likaingia mfuko wa nyuma wa jezi. Kitambaa ni cha hizi wanazoita tabaka mbili na nusu, yaani nje kuna kitambaa chenyewe, ndani utando usiopitisha maji, afu juu ya utando wamepaka kitu chembamba cha kuulinda usichubuke badala ya kuweka kitambaa kingine. Ndo maana ni jepesi, na ndo maana pia likigusa mkono mtupu wenye jasho linanata vibaya sana, ukilivaa juu ya jezi ya mikono mifupi utalichukia. Lebo inasema maji milimita 10,000 na mvuke gramu 10,000. Hiyo ya kwanza maana yake kitambaa kinavumilia maji yaliyosimama juu yake kwa urefu wa mita 10 kabla hakijaanza kupitisha, kwa mvua ya kawaida inatosha. Ya pili ni kiasi cha mvuke kinachopita kwenye mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24, na hapa ndo penye maneno. Gramu 10,000 inasikika kubwa, ila igawe kwa 24 unapata gramu 400 na kidogo kwa saa, tena kwa mita nzima ya mraba na kwa vipimo vya maabara, wakati mtu anayepanda kilima kwa nguvu anaweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa bila shida. Hesabu haikubali. Hakuna jaketi lisilopitisha maji litakalolitoa nje jasho lako lote ukiwa unakanyaga kwa nguvu, hata yale ghali kuliko hili, na anayekuambia vinginevyo anauza.

Sababu yenyewe ni kwamba mwili kwenye baiskeli kazi yake kubwa ni kutengeneza joto. Kwenye nguvu yote unayochoma, robo tu au pungufu ndo inafika kwenye pedali, iliyobaki inakuwa joto. Mtu anayekanyaga wati 200, na kwa mwenye mazoezi hiyo ni kawaida kilimani, ana wati 600 hadi 800 za joto ambazo lazima zitoke mwilini kwa njia yoyote ile. Ukiwa tambarare na spidi 30 (spidi zote hapa ni kilomita kwa saa), upepo unaoutengeneza mwenyewe unaliondoa hilo joto na hata hujui kama lipo. Ukiwa kilimani na spidi 10 hamna upepo, joto linabaki na wewe mle ndani ya utando. Afu unafika juu unaanza kushuka spidi 50, miguu imetulia kwahiyo joto jipya hamna, upepo ni mkali na nguo za ndani zimelowa. Ndani ya dakika kumi umepita misimu mitatu na utabiri wa simu bado unasema 9.

Kuna ile fomula ya ubaridi wa upepo ambayo Marekani na Kanada wanaitumia tangu 2001, inakadiria hewa inavyohisiwa kwenye ngozi iliyo wazi. Imepangwa kwa mtu anayetembea kwa miguu ila ukiiwekea spidi ya baiskeli inakupa picha nzuri tu. Nyuzi 10 kwa spidi 30 inahisiwa kama 6 na nusu. Nyuzi 5 kwa spidi hiyohiyo inakuwa sifuri. Nyuzi 5 ukiwa unateremka spidi 50 umeshaingia chini ya sifuri. Na hapo tumechukulia hewa imetulia yenyewe. Ukikutana na upepo wa mbele wa spidi 20 na wewe unaenda 25, kifua chako kinapigwa na 45, afu ukigeuza kurudi upepo uleule unakuwa mgongoni na unabaki na 5 tu usoni, unaanza kuchemka ndani ya jaketi ambalo dakika tano nyuma ulikuwa unalishukuru. Mi ndo maana nikitoka naanza kuelekea upepo unakotoka nikiwa bado mkavu na nguvu ninazo, narudi nasukumwa. Kurudi nyumbani na upepo wa mbele ukiwa umelowa jasho ni mateso ambayo hamna jaketi linayatibu.

Sasa nyuzi zenyewe. Kwa hili jaketi sehemu yake tamu ni 8 mpaka 13, kukavu, upepo wa wastani, njia yenye vilima vifupi vifupi. Ndani unavaa fulana nyembamba ya mikono mirefu, ya sufu ya kondoo wa merino au ya polyesta, siyo pamba, pamba ikinywa jasho haikauki. Unaanza na zipu imefungwa, ukishapata moto unaishusha mpaka kifuani, na unaweza kwenda masaa bila kulifikiria tena. Kama unapotoka hausikii baridi kidogo kwenye dakika za mwanzo ujue umevaa nyingi. Juu ya 13 mi nalivua, labda niliache kwa ajili ya mteremko mrefu tu. Hiyo 15 ya kwenye lebo ni ya mtu anayeenda kazini taratibu asiyetaka kufika ananuka jasho, yeye hata 16 atavaa na atakuwa sawa kabisa. Kwa anayekimbiza mwendo nyuzi 15 ndani ya hili jaketi ni sauna.

Na kusema kweli nyuzi 11 hadi 18 bila mvua ndo hali ya hewa ninayoipenda kuliko zote. Ningepewa nichague siku moja ya kuendesha maisha yangu yote ningeomba 14, mawingu mepesi, upepo wa kutikisa majani basi. Wapenda joto wananishangaa sana kwa hili, ila siko peke yangu. Kuna utafiti wa 1997 wa Galloway na Maughan, waliwaweka wanaume kwenye baiskeli ya ndani wakanyage mpaka waishiwe kabisa, kwenye nyuzi 4, 11, 21 na 31. Walidumu zaidi kwenye 11, kama dakika 93. Kwenye 4 na kwenye 21 walifanana, dakika 81 hivi, na kwenye 31 wakaishia 51 na kitu. Yaani kutoka 21 kwenda 31 umepoteza karibu nusu saa, na miguu ni ileile. Hiyo 11 lakini usiichukue kama amri, maana pale ni chumbani, baiskeli haisogei, na nje una upepo wa spidi yako mwenyewe kwahiyo joto zuri linapanda juu kidogo. Halafu kudumu na kufurahia ni vitu viwili. Kwenye 11 mapafu na moyo vinafurahi, vidole vinalalamika. Kwenye 18 vidole vinafurahi, na magoti unaweza kuyaacha wazi, makocha wengi wanashauri chini ya hapo yafunikwe, na mi nakubaliana nao asilimia mia, goti lililopoa linakukumbusha kesho yake.

Chini ya nyuzi 5 jaketi lenyewe linaacha kuwa tatizo, unaweka kitu kizito ndani na kifua kinakuwa fresh. Shida inahamia kwenye vidole na masikio. Mwili ukiona katikati kunapoa unabana mishipa ya damu ya mikononi na miguuni ili joto libaki kwa moyo na tumbo, ndo maana mtu anaweza akawa na glavu nzuri na bado vidole vimekufa ganzi, kwa sababu kifua kiliachwa wazi. Kwahiyo hapa hili jaketi linasaidia vidole bila kuvigusa. Ila kuna kasoro ambayo imeniudhi kweli: mwisho wa mikono wameweka lastiki tu, haina pa kulegeza. Glavu nyembamba zinaingia chini yake vizuri, glavu nene za baridi haziingii, inabidi zikae juu, na ikinyesha maji yote yanayoteremka kwenye mkono yanaingia moja kwa moja ndani ya glavu. Jaketi limeandikwa linafaa mpaka nyuzi 5 afu halina nafasi ya glavu za nyuzi 5! Aliyelichora nina wasiwasi kama anaendesha baiskeli wakati wa baridi. Na vidole ganzi si suala la starehe tu, ndo vinavyoshika breki.

Mpaka wangu wa chini lakini siuweki kwa ajili ya baridi, nauweka kwa ajili ya barafu. Simu ikiandika 2 au 3 usichukulie juu juu. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kinakaa kama mita moja na nusu mpaka 2 juu ya ardhi, tena kimefichwa jua. Usiku usio na mawingu lami inapoteza joto kuelekea angani, asubuhi inaweza kuwa chini ya sifuri huku hewa ikiwa bado 3. Kwenye madaraja ndo usiseme, baridi inapita juu na chini. Na tairi mbili hazijui kuteleza kistaarabu.

Mvua sasa, maana wengi ndo wanachonunulia. Manyunyu: safi kabisa, matone yanaviringika yanadondoka, ndani pakavu. Mvua ya kunyesha kweli kwa muda mrefu: mabegani na juu ya mikono kitambaa cha nje kinaanza kunywa maji kinabadilika rangi, na baada ya hapo unajisikia umelowa ndani, hapo watu wanaandika "linavuja, nimetapeliwa". Mara nyingi halijavuja. Ni ile dawa ya nje ya kufukuza maji imezidiwa, kitambaa kimelowa kikawa cha baridi, mvuke wa jasho hauna pa kutokea, unageuka maji upande wa ndani. Umelowa kwa maji yako mwenyewe (ukiwa na mashaka onja, yana chumvi). Sehemu inayovuja kihalali ni zipu ya mbele, kwa nyuma yake wameweka kipande chembamba cha kitambaa cha kuzuia maji na ukiwa umeinama mbele kinajikunja, kwahiyo baada ya muda unapata mstari wa maji kuanzia kifuani kwenda kitovuni. Mishono mingine imezibwa vizuri, kola ni nzuri, mgongo ni mrefu unafunika mpaka kwenye siti. Huo mgongo mrefu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani maana sehemu kubwa ya maji yanayokulowesha mgongoni na makalioni huja kutoka kwenye gurudumu lako la nyuma, mawingu unayasingizia tu. Kama baiskeli yako haina madigadi, weka madigadi kabla hujafikiria jaketi la aina yoyote.

Na mvua yenyewe si moja. Mvua ya nyuzi 20 mi naipenda, hata jaketi sivai, unalowa unakauka, njia imetulia, cha kuangalia ni zile dakika za mwanzo baada ya ukame ambapo mafuta na vumbi la barabarani vinachanganyika na maji panakuwa utelezi, na kama una breki za kubana rimu anza kubana mapema. Mvua ya nyuzi 6 ni habari nyingine kabisa. Kwangu hiyo ndo hali mbaya kuliko zote, bora theluji kavu ya nyuzi 5 chini ya sifuri. Maji yanapitisha joto kama mara 25 kuliko hewa, kwahiyo nguo ikishalowa ile hewa iliyokuwa imenaswa ndani ikikulinda haipo tena, umebaki na maji baridi yaliyogusana na ngozi na upepo juu yake.

Wakongwe wa mbio wanaijua hii vizuri. Tarehe 5 Juni 1988 kwenye Giro d'Italia, zile mbio kubwa za wiki tatu za Italia, walivuka mlima Gavia, unaozidi mita 2,600, chini mvua, juu theluji. Johan van der Velde alipita kileleni wa kwanza akiwa na jezi ya mikono mifupi, na kwenye mteremko akapoteza zaidi ya dakika 40. Dakika 40 za kushuka! Andy Hampsten, ambaye timu yake ilijiandaa na nguo za joto, ndo alivaa jezi ya waridi ya anayeongoza mbio jioni ile na akaja kuwa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro. Bernard Hinault naye alishinda Liège–Bastogne–Liège ya 1980, mbio za siku moja za Ubelgiji, kwenye theluji, akamwacha wa pili kwa zaidi ya dakika 9, na vidole vyake vikamsumbua miaka mingi baada ya hapo. Hao ni watu wa chuma. Sisi wengine mvua ikiwa chini ya 8 tunaweza tukakaa ndani na hakuna atakayetudai.

Hiyo ya Gavia inanikumbusha kitu ambacho jaketi hili linakifanya vizuri kuliko vyote: milima. Kila ukipanda mita 1,000 toa kama nyuzi 6 na nusu kwa wastani, kwahiyo chini ikiwa 19 na mlima una mita 1,500 za kupanda, juu unakuta 9 au 10, na wewe umelowa jasho na unakwenda kushuka dakika ishirini bila kukanyaga. Hapo unasimama, unalitoa mfukoni, unalivaa kabla hujaanza kusikia baridi (ukisubiri usikie umechelewa), unashuka, chini unalivua. Kwa kazi hii halina mpinzani. Zamani waendeshaji walikuwa wanasukumia gazeti ndani ya jezi kifuani kabla ya kushuka, na njia hiyo bado inafanya kazi ukikwama.

Upande wa joto jaketi halina kazi tena zaidi ya kukaa mfukoni, lakini niseme kidogo maana lebo nyingine zinakuja na maneno ya "misimu yote" na hilo ni porojo. Gramu moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inaondoka na jouli 2,400 hivi za joto, kwahiyo lita moja kwa saa ikikauka yote imeondoa kama wati 670. Ukirudi kwenye zile wati 600 hadi 800 za kilimani utaona mwili umepangiwa hesabu yake vizuri tu. Ila lazima ikauke. Jasho linalodondoka kwenye fremu halijakusaidia chochote. Ndo maana kwenye joto mi siangalii asilimia ya unyevu, hiyo inachanganya, asilimia 90 ya asubuhi yenye nyuzi 8 ni hewa kavu tu ukilinganisha na asilimia 60 ya mchana wenye 32. Naangalia kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa mpaka hapo umande unaanza kutokea, programu nyingi za hali ya hewa zinacho. Kikiwa 10 au 12 naweza kuendesha kwenye nyuzi 28 kwa raha. Kikizidi 20, hata hewa ikiwa 24 tu jasho linabaki limekaa, na ukisimama kwenye taa ndo unajua, upepo umekatika na joto lote linakupanda kichwani.

Sifa moja ya joto siwezi kuinyima: hewa ya moto ni nyepesi. Usawa wa bahari hewa ya nyuzi 0 ina kilo 1.29 kwa mita ya ujazo, ya nyuzi 30 ina 1.16, hiyo ni asilimia 10 pungufu, na kwenye tambarare sehemu kubwa ya nguvu yako inaishia kukata hewa. Wanaojaribu rekodi ya saa moja, yaani kwenda mbali zaidi ndani ya saa moja, kwenye viwanja vya ndani wanapasha ukumbi makusudi na wanaomba siku yenye mgandamizo mdogo wa hewa. Bradley Wiggins aliweka kilomita 54.526 kule London mwaka 2015 siku ambayo mgandamizo ulikuwa juu, na ilizungumzwa sana kwamba hewa ingekuwa nyepesi angefika mbali zaidi. Kwahiyo wastani wako wa spidi ukishuka msimu wa baridi usianze kutafuta vidonge vya nguvu, hewa ni nzito, mpira wa tairi umekuwa mgumu, upepo wa ndani ya tairi nao umepungua presha kwa ubaridi, na jaketi lako kama linapeperuka linakula wati zake.

Na hili linapeperuka. Nimejaribu saizi mbili, ile ambayo chati yao inasema ni yangu ilikuwa pana kiunoni, kwenye spidi 40 inapiga kelele mpaka husikii gari nyuma. Saizi ya chini yake imekaa vizuri mwilini na mikono bado inafika kwenye viganja, ila mfukoni mwa jezi ukiwa umejaza vitu zipu inavuta. Kwa anayekimbiza mwendo chukua ya chini. Kwa anayevaa juu ya sweta kwenda kazini chukua ya chati.

Kuhusu kusoma utabiri, kwa kuwa jaketi hili linategemea sana upepo: namba ya upepo kwenye simu ni ya mita 10 juu ya ardhi, wewe uko chini ya mita 2, kwahiyo kwenye miti na majengo utapata kidogo kuliko iliyoandikwa, na ukitokea kwenye tuta au daraja refu utaipata karibu yote kwa mpigo. Mi naangalia mwelekeo kwanza, afu ile namba ya vishindo vya ghafla, nyuzi naziangalia mwisho. Vishindo vikizidi 50 sitoki, upepo wa ubavuni wa namna hiyo unakuhamisha njia na jaketi pana ndo linaongeza tanga.

Kufua usikupuuze na wala usiogope kulifua, uchafu na mafuta ya mwili ndo vinaua ile dawa ya nje haraka. Sabuni ya maji kidogo, suuza mara mbili, na zile dawa za kulainishia nguo usiziguse kabisa maana zinaacha utando unaovuta maji. Lebo ya ndani inaruhusu mashine ya kukaushia kwa moto mdogo, na huo moto unaiamsha dawa, matone yanaanza kuviringika tena. Ikishagoma hata kwa moto, kuna dawa za kupulizia, unapaka jaketi likiwa safi. Langu mabegani linahitaji kupuliziwa mapema kuliko sehemu nyingine, nadhani ni kwa sababu ya mikanda ya begi.

Nani alinunue basi. Kama njia zako ni za milima au unatoka asubuhi ya kibaridi na kurudi mchana, linafaa, utalitumia sana na utasahau nilichosema kuhusu lastiki. Kama sehemu unayoendesha ni tambarare na mvua ni nadra, mi ningekushauri uachane nalo uchukue kizibao cha upepo, kile kisicho na mikono chenye wavu mgongoni, pamoja na mikono ya kuvaa na kuvua. Kizibao kinafunika kifua ambacho ndo kinapigwa, mgongo unapumua, na mikono unaishusha ukiwa juu ya baiskeli bila kusimama. Kwenye nyuzi 12 mpaka 17 kinalishinda hili jaketi mbali sana, nasema hivyo nikiwa nalo hapa mgongoni. Na kama unachotafuta ni kitu cha mvua ya kutwa nzima kwenye baridi, hili siyo, tafuta la tabaka tatu zito zaidi lenye matundu ya zipu chini ya kwapa, hili matundu hayo halina kabisa.

Rangi zipo nyeusi na njano. Chukua njano, ile nyeusi kwenye mvua ya jioni inapotea kabisa, mstari unaoakisi taa wameuweka mgongoni tu, na ukivaa begi unazibwa wote.